Mstari wa Lilanga

Tembo wa picha za tingatinga ana raha zake. Amesimama katikati ya ubao, mgongo umejaa nukta, jicho limetulia, na hakuna anayempigia debe kumfukuza usiku kucha. Sisi wa Bunda, na hasa wanaolima kule Hunyari na Mariwanda, tembo tunayemjua ni yule anayeingia kwenye mahindi na kuiacha familia haina hata gunia moja. Hata hivyo picha hizo nazipenda, na ukizitazama kwa utulivu utaona kwamba tembo wa miaka ya mwanzo siye huyu wa leo.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyezipa picha hizo jina, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Miaka yake ya uchoraji ni kama minne tu. Vifaa vyake vilikuwa vya fundi ujenzi: kipande cha mraba cha ubao wa dari na rangi ya mafuta ya kung'aa. Ubao wote unapakwa rangi moja, unaachwa ukauke, ndipo mnyama anawekwa juu yake, mmoja, mkubwa, karibu atoke nje ya ukingo. Pembeni hakuna kitu, na ndiyo maana jicho haliendi kwingine.

Waliomfuata waliijaza ile nafasi tupu. Wakaingia ndege, majani, Mlima Kilimanjaro na makundi ya twiga. Mgeni alitaka picha ya kukunja na kuitia kwenye begi, basi ubao ukaanza kupisha kitambaa. Mohamed Charinda akaenda mbali zaidi, akachora hadithi nzima, watu na mizimu ndani ya picha moja. Kwake kujaza kuna sababu, maana hadithi inahitaji watu. Kwa wengi wengine, nasema bila kuficha, ni haraka ya soko.

Lakini mchoraji wangu ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchonga vinyago. Miaka ya 1970 alikuwa mlinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kituo kilichoanzishwa na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, shirika ambalo watu wa Musoma wanalijua tangu zamani kwa misheni zake na shule ya lugha ya Makoko. Baadaye kituo hicho kikapewa jina la mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere. Humo mlinzi akapewa wino, na mchongaji akawa mchoraji.

Mtazame mmoja wa mashetani aliowachora. Masikio mapana, tumbo limetangulia mbele, mguu una vidole viwili, mdomo uko wazi kama anabishana na jirani. Mstari unaanzia sikioni, unashuka mgongoni, unazunguka kisigino na kurudi tumboni bila kusita. Huo ni mkono uliozoea patasi: kwenye mpingo ukishakata, umekata. Katika michoro yake ya wino mashetani bado wana nafasi ya kupumua. Alipohamia kwenye ubao na rangi zile zile za kung'aa za akina Tingatinga, wakaanza kubanana. Kiwiko cha huyu kikajaa kwapani mwa yule, na penye mwanya pakatiwa nukta. Rangi zikapanda hadi manjano na waridi vikagombana. Ila mashetani ni wale wale wa kwenye kinyago, wamehama tu nyumba.

Kisha kisukari kikamkata miguu. Katika miaka ya mwisho vijana wa karakana yake walimsaidia sana kujaza rangi, na wapo wanunuzi wanaonung'unika kwamba kazi hizo si zake. Mimi sioni tatizo. Pale Mwigobero, Musoma, fundi anayeandika majina ya mitumbwi huchora herufi mwenyewe na kumwachia kijana ajaze, na hakuna mvuvi anayeuliza jina la mtumbwi wake limeandikwa na nani. La kuuliza ni kama mstari umesimama. Katika kazi zake nzuri za mwisho umesimama. Katika nyingine umelegea, na huko tukubali kwamba mzee alikuwa amechoka. Alifariki mwaka 2005.

Ninalo ombi kwa wanaotunza makumbusho, na Butiama wamo. Watoto wa shule wa Mara wanafika Butiama kwa mabasi, na wengi wao Dar es Salaam hawataiona karibuni. Wawekeeni ukutani picha za mchoraji mmoja, za ujanani hadi uzeeni, kwa mfuatano wa miaka, na muwape muda wa kuzitazama kabla dereva hajapiga honi.