Spana za bei chee: ninunue au niache?

Seti inang'aa, bei ya kutupa, na kila spana imechongwa "Chrome Vanadium". Fundi pikipiki anayeanza hapa Ihanja ataiachaje? Mimi mwenyewe nilinasa. Wiki ya kwanza tu namba 10 ilipanuka mdomo, ikala kona za bolti, ikabidi bolti ikatwe.

Kung'aa ni ngozi ya juu tu. Ugumu unatokana na vilivyochanganywa kwenye chuma, hasa kaboni, na namna kilivyopikwa: kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, kinapozwa ghafla, halafu kinapashwa tena kiasi ili kisivunjike kirahisi. Kiwanda kikiruka hatua hizo, maandishi hayakusaidii kitu.

Kabla ya kulipa, omba kupitisha tupa pembeni ya spana. Ikila kwa shida, sawa. Ikila kirahisi kama kwenye msumari, irudishe. Muuzaji akikataa jaribio, umeshapata jibu.

Hukumu yangu: kwa kukaza baiskeli ya nyumbani mara mojamoja, seti hii inatosha. Kwa anayekula kwa spana, bora tatu imara, namba 10, 12 na 14, kuliko seti nzima ya mapambo.