Daraja la Tatu Halimo Kwenye Orodha

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiikaribia Mwanza. Ilikuwa ya abiria 430. Orodha yake ilionyesha 443. Msomaji wa haraka ataona kosa la watu 13. Tazama umbo la orodha yenyewe: hao 443 ni wa daraja la kwanza na la pili peke yao. Daraja la tatu halikuandikwa popote. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Orodha haikudanganya kwa yale iliyoyataja, ila haikuacha hata mstari mtupu wa kumfanya mtu aulize: na wa chini je?

Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikaua watu 228. Safari hii kumbukumbu ilikuwapo, lakini ilikuwa ndani ya kivuko: mkata tiketi alifariki na mashine yake ikapotea. Kumbukumbu isiyo na nakala nchi kavu huzama na chombo chake.

Kwa msiba huu wa pili tumejifunza kunakili. Ule wa kwanza bado unatupita, na nauona kwenye skrini za wanaosimamia hifadhi za data. Tuseme hospitali ya Mwanza inanakili picha za eksirei kwenda kituo cha Dodoma, kwa mtindo wa S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data. Kila faili hupewa hali yake: inasubiri, imekamilika, au imeshindwa. Skrini hujumlisha hali hizo, na kama hakuna iliyoshindwa, yote huwa kijani. Ila hali huandikwa faili linapoingia baada ya kanuni ya kunakili kuwashwa. Picha zilizotangulia kanuni hazina hali yoyote. Hazisubiri wala hazijashindwa, kwa hiyo hazihesabiwi, na hazitavuka mpaka mtu aanzishe kazi ya pekee ya kuzinakili. Kijani hicho ni cha kweli, lakini ni cha madaraja mawili tu.

Naihukumu ripoti ya namna hiyo kuwa mbovu kwa umbo, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi, kwa sababu inaanza kuhesabu kwenye foleni badala ya kuanzia ghalani. Ndugu unayesimamia seva, toa orodha kamili ya kila upande, uzilinganishe faili kwa faili, kabla hujamwambia daktari kwamba nakala zipo.