Mkanda wa Mwisho

Mwaka 2009 Kodak ilipotangaza kuacha kutengeneza Kodachrome, filamu ya rangi iliyoingia sokoni mwaka 1935, mkanda wa mwisho kutoka kiwandani alikabidhiwa mpiga picha Mmarekani Steve McCurry. Ulikuwa wa picha 36 tu. Alianza New York na mwigizaji Robert De Niro, akapitia India na Uturuki, akamalizia makaburini Parsons, Kansas, mji wa maabara ya mwisho iliyokuwa bado ikisafisha filamu hiyo.

Picha zenyewe zapendeza, lakini zimetulia mno. McCurry aliujaribu mwanga kwa kamera ya dijitali kwanza, ndipo akafyatua ile ya filamu; aliyoyapeleka kusafishwa alikwishayaona. Kungoja kulibaki, wasiwasi ukatoweka, na wasiwasi ndio uliomfunza mpiga picha kutazama.

Tena Kodachrome haikuwa na rangi ndani yake. Rangi ilitiwa wakati wa kusafishwa. Maabara ile ilipoacha kuipokea mwishoni mwa 2010, mikanda iliyosahauliwa makabatini, yenye harusi na watoto wa watu wasiojulikana, ilibakiwa na weusi na weupe tu. Mkanda wa McCurry hauwakumbuki hao.