Sifa ya Ramani ya Ardhini

Miongoni mwa kazi ambazo watu huziona kila siku wala hawazitii katika hesabu ya sanaa, imo kazi ya mwalimu awezaye kuwatoa wanafunzi wa darasa la sita na la saba katika madawati yao, akawapeleka uwanjani, akawakabidhi jivu la jikoni, kamba ya makumbi, vifuu na kapu la korosho ghafi, na kabla jua halijapanda sana wakawa wameijenga kwa mikono yao nchi nzima yenye mito, nyanda za juu, bandari na mipaka, na wamefahamu kwa nini vita fulani vilianzia mahali pale na si pengine. Nimeiona kazi hiyo ikifanywa na mwalimu mmoja wa kike hapa Rahaleo, mjini Mtwara. Na kwa kuwa hodari wa namna yake aghalabu hawatajwi katika ripoti za wakaguzi, nimeona ni wajibu kuieleza kwa taadhima inayoistahili.

Vita anavyovisomesha ni vile vya uhuru wa Msumbiji, vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964 na kukomeshwa kwa mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974. Kwa mtoto wa Mwanza hiyo ni habari ya nchi jirani. Kwa mtoto wa Rahaleo ni habari ya mto ulio kusini kidogo ya mji wake, mto wenye Wamakonde kandokando zote mbili, hawa wa uwanda wa Newala na wale wa uwanda wa Mueda, wanaooleana na kuzikana tangu kabla ya kuwako mpaka wowote. Lakini ukaribu huo wenyewe ni kikwazo, kwa sababu mtoto aliyezoea kulisikia jina la Ruvuma tangu utotoni hudhani anaujua, ilhali hajapata kujiuliza unatoka wapi, unapita wapi, wala ni nani aliyeamua kwamba uwe ukingo wa dola mbili.

Ustadi wa mwalimu huyu huanzia katika kipimo. Humteua mwanafunzi mmoja, asiye mrefu sana wala mfupi sana, na kutangaza kwamba kwa siku hiyo hatua yake moja ni kilomita 10, wala hakuna hatua ya mwingine itakayokubaliwa. Na mtoto yule, kwa kujua kwamba nchi nzima inategemea miguu yake, hutembea kwa utulivu ambao mama yake angeustaajabia. Korosho ya kwanza huwekwa pale Mtwara. Kutoka hapo ni hatua tatu na nusu hivi mpaka mlango wa Ruvuma, na kutoka mlangoni kamba ya makumbi huvutwa kuelekea magharibi, ikipindwa hapa na kunyooshwa pale, kwa urefu wa hatua zipatazo 80 ukizihesabu pamoja na mapindi yake. Kisha vifuu hufunikwa ardhini kaskazini na kusini ya kamba, viwe ndizo nyanda mbili za Wamakonde, na jivu humwagwa kuonyesha pwani. Mtoto aliyewahi kupelekwa Newala na kusimama kwenye ukingo ule uitwao Shimo la Mungu, akaliona bonde la mto likiwa chini kabisa mbele yake, ndiye huwaamrisha wenziwe wapi vifuu vikome.

Hapo ndipo huja suala la mpaka, nami kwa maoni yangu ndipo penye uhodari mkubwa kuliko pote, kwani mwalimu mvivu angesema tu kwamba Wajerumani na Wareno walipatana mwaka 1886, akaendelea na safari yake. Huyu huwaachia watoto waone wenyewe kwamba mpaka unaufuata mto kwa mapindi yake yote hadi unapokutana na mto Msinje, kisha ghafla unaacha maji na kwenda sawasawa kama uzi wa fundi mwashi mpaka Ziwa Nyasa. Hawaelezi neno. Hungoja. Na daima hutokea mmoja akauliza, "Mwalimu, huku mbona wamenyoosha?" naye hujibu kwa kuwauliza wao ni nani katika wale waliopatana aliyewahi kufika huko. Kisha huwapeleka kwenye mlango wa mto, kwenye pembe ya Kionga iliyo kusini ya maji, ambayo Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, Wareno wakaingia humo Aprili 1916 katikati ya vita vikuu vya kwanza, na mkataba wa Versailles ukawathibitishia mwaka 1919. Na kila ulipohama mpaka wanafunzi huusogeza kwa vidole vyao, huku korosho iliyosimama badala ya kijiji ikibaki palepale ilipokuwa.

Baada ya hapo vita vyenyewe hueleweka kwa wepesi wa ajabu. Yule mtoto wa kipimo alianzia Mueda kwenda Dar es Salaam, na hesabu yake ikawa hatua 54. Akarudi Mueda na kuelekea Lourenço Marques, mji mkuu wa koloni ambao sasa ni Maputo, na hesabu ikawa hatua 175, mguu ukamfikisha ukutani mwa uwanja. Wenziwe walikuwa wakihesabu kwa sauti, na sauti ikapungua kila walipozidi mia, maana kila mmoja alikuwa anakiona kile ambacho kitabu kingekisema kwa aya nzima: kwamba mtu wa Mueda aliyetaka kazi, au habari, au mahali pa kunena bila kukamatwa, njia yake iliyo fupi ilikuwa ya kaskazini. Ndivyo walivyokuja wengi kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika, na miongoni mwao kikazaliwa chama cha MANU. Ndivyo Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane walivyovuka kurudi kwao kudai haki kwa liwali wa Kireno, mpaka ikafika siku ile ya tarehe 16 Juni 1960, askari walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Na ndivyo Dar es Salaam ilivyokuwa mahali pa vyama vitatu kuungana tarehe 25 Juni 1962 kuwa FRELIMO, chini ya uongozi wa Eduardo Mondlane. Na Lisbon? Kwa kipimo kile ni zaidi ya hatua 700, nao walipoelezwa hivyo walitaka kuzitembea. Wakatoka langoni, wakaifuata barabara, wakapita nyumba za watu na waliokuwa barazani wakiuliza kulikoni, mpaka mwalimu akawasimamisha na kusema kwamba amri za kuitawala Mueda zilikuwa zikitoka hapo.

Korosho nyingine huwekwa Nachingwea. Watoto hupenda kujua kwa nini kambi kuu ya wapiganaji iliwekwa huko bara badala ya pwani, na jibu huwafikisha kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, uliofyeka misitu ya Nachingwea na kutujengea bandari hii ya Mtwara pamoja na reli, kisha ukaachwa kwa hasara kubwa. Hivyo nchi iliyofunguliwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia ya Uingereza ikaja kuwapokea vijana waliokuwa wakijifunza kuikomboa Msumbiji. Silaha na dawa zilibebwa vichwani kuvuka mto, na wapagazi, wanawake kwa wanaume, waliporudi walibeba mazao ya wakulima wa ng'ambo, korosho zikiwemo. Nilimwona msichana mmoja akiigeuzageuza korosho mkononi alipoambiwa hayo, kisha akaiweka juu ya kamba, katikati ya mto, akidai kwamba hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Mwalimu alimwachia.

Katika kazi hii ipo sharia moja ambayo haivunjwi: hakuna kinachowekwa bila ushahidi. Anayeiweka korosho Chai, mahali Alberto Chipande na wenziwe wa FRELIMO waliposhambulia kituo cha Wareno siku ile ya Septemba, hana budi aseme amelisoma jambo hilo wapi au amelisikia kwa nani. Na ushahidi wa bibi aliyevuka mto akiwa mtoto, usiku, mgongoni mwa dada yake, hupokewa kwa heshima ileile ya kitabu, na kuhojiwa vilevile kama kitabu. Hapo ndipo watoto hujifunza kwamba ramani huweza kusema uongo. Wanapofika Julai 1970, jenerali wa Kireno Kaúlza de Arriaga alipomwaga jeshi na ndege zake juu ya uwanda wa Mueda, huziondoa korosho zilizokuwa kambi za wapiganaji, na anayeitazama ramani wakati huo angesema vita vimekwisha; lakini mwalimu huwauliza watu wenyewe wamekwenda wapi, na korosho zilezile hutawanywa porini, nyingine zikapelekwa mbali kusini-magharibi, upande wa Tete, ambako mapigano yalikuwa yamekwisha kufunguliwa tangu 1968.

Zipo habari ambazo hazichezewi kwa korosho. Hatua moja tu kutoka Mtwara ni Naliendele, penye makaburi ya askari wa Tanzania waliofia katika ukombozi wa jirani zetu, na pale huwekwa kijiwe cheupe, bila swali wala hoja. Aidha, tangu Oktoba 2017 damu imekuwa ikimwagika tena ng'ambo ya mto, katika jimbo la Cabo Delgado, na miongoni mwa watoto wanaochora wamo wenye jamaa waliokimbia. Mwalimu hawakatazi kuuliza, wala hajifanyi kuwa na jibu la kila jambo, bali huwakumbusha kwamba vita hivi ni vingine na sababu zake ni nyingine, zichunguzwe kwa subira ileile.

Nimewasikia wakubwa wa elimu wakisema kwamba njia hii inapoteza wakati. Kipindi kimoja cha shule ya msingi ni dakika 40, na ramani ya ardhini, ukianza na kumteua mtoto wa kipimo mpaka korosho zirudishwe kapuni, haipungui vipindi viwili; kengele hulia Wareno wakiwa bado Mueda. Basi nawasihi walimu wakuu wa Rahaleo na wa mwambao wote mpaka Msimbati wavipange vipindi hivyo viwe viwili mfululizo, asubuhi, walau mara moja katika muhula, na vyuo vya ualimu viwape wanachuo uwanja na jivu kabla ya kuwapa chaki.