Sikio la Fundi wa Gia

Baiskeli ya gia ikianza kukwaruza, wengi wetu hukimbilia mafuta. Fundi anayeijua kazi haanzi na kopo. Hulifunga tandiko kwa kamba kwenye tawi ili magurudumu yaelee, kisha huzungusha pedeli kwa mkono, polepole, akisikiliza.

Mkwaruzo unaorudi mara moja kila mzunguko wa pedeli humpeleka kwenye sproketi ya mbele iliyopinda. Mlio unaojirudia karibu kila mizunguko mitatu ni wa cheni yenyewe: cheni ya pingili 112 ikipita kwenye meno 38, pingili ileile hurudi baada ya mizunguko kama mitatu, kwa hiyo ipo moja iliyokaza. Mkwaruzo usiokatika ndio wa kizimba, zile kuta mbili za chuma zilizo kulia na kushoto kwa cheni pale mbele, zinazoisukuma kutoka sproketi moja hadi nyingine.

Hapo hatua zina utaratibu, na fundi mzuri haruki hata moja. Kwanza kimo: ukuta wa nje upite milimita moja hadi tatu juu ya meno ya sproketi kubwa, nao uende sambamba nayo. Pili, cheni iwekwe kwenye sproketi ndogo mbele na kubwa kabisa nyuma, skrubu ya ndani izungushwe kidogo kidogo mpaka mwanga mwembamba uonekane kati ya cheni na ukuta. Ndipo waya wa gia hukazwa. Mwisho ni upande wa pili, kubwa mbele na ndogo nyuma, kwa skrubu ya nje. Robo mzunguko wa bisibisi, pedeli, sikio. Robo nyingine, pedeli, sikio. Anayeanza na waya atakuwa anafukuza kosa moja kutoka upande huu hadi ule mchana kutwa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni pale anapoamua kuacha. Hamalizi mikwaruzo yote, kwa sababu haiwezekani. Cheni inayotoka sproketi ya mbele ya ndani kwenda ya nyuma ya nje hukaa mshazari. Ukiipanua nafasi huku, unaibana kule. Kwa miaka mingi mashindano ya baiskeli ya Tour de France yaliwanyima washindani wakuu kifaa cha kuhamisha cheni, ruhusa ikaja mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu alishuka, akageuza gurudumu la nyuma, akapanda tena. Mshazari ndio gharama ya kubadili gia bila kushuka.

Gharama hiyo inaepukika kwa hesabu ndogo. Chukua baiskeli yenye meno 48, 38 na 28 mbele, na sproketi saba nyuma: 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Dukani wanaiita ya gia 21. Sasa gawanya: 48 kwa 24 ni mbili, 28 kwa 14 ni mbili vilevile. Gia mbili tofauti, mwendo mmoja, na zote mbili zimeipinda cheni. Kumbe 38 kwa 20 inatoa 1.9, tofauti ambayo mguu hauitambui, huku cheni imenyooka katikati kabisa.

Kwa hiyo fundi akirudisha baiskeli hutoa na maelezo: sproketi ndogo ya mbele itumike na zile kubwa nne za nyuma, ya kati na tano za katikati, kubwa na ndogo nne. Gia 13, na kwa safari zote zinatosha.

“Lakini fundi, nikiweka kubwa kwa kubwa bado inakwaruza.”

“Nimeiacha makusudi, kaka. Ukiisikia, shusha mbele.”