Ziwa Kivu si picha ya ukutani: uhakiki wa namna tunavyosimulia pwani ya Goma

Kila mara Goma inapotajwa katika hotuba ao katika karatasi za kukaribisha wageni, neno linalofuata ni "mji wa utalii". Picha yake tunaijua sote: maji ya bluu, villa yenye maua, na nyuma Nyiragongo ikitoa moshi. Tumeitundika ku ukuta wa salon, na watoto wanaikuta hata ku kalenda. Katika kurasa hizi nataka tuichunguze, juu picha inaweza kusema kweli na bado ikaficha watu.

Tuanze na kweli yake. Ziwa letu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari. Hewa ni ya baridi kidogo, na mamba hakuna. Mjerumani von Götzen alifika hapa mwaka 1894. Mapatano ya 1910 yakaweka mpaka kati ya Goma ya Wabelgiji na Gisenyi ya Wajerumani. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Ubelgiji ikatawala pande zote mbili. Parc Albert ikaanzishwa mwaka 1925, na wakoloni wakajenga nyumba za mapumziko pembeni ya maji na hoteli katikati ya mji, kama ile ya Grands Lacs ambayo wazee wanaijua vizuri. Mzungu aliyechoka na joto la Kisangani ao la Kindu alipata hapa mahali pa kupumua.

Lakini kasoro inaanzia hapo hapo. Katika masimulizi ya namna hiyo, Mwafrika anaonekana akiwa amebeba sahani ao akipiga kasia. Utawala wa koloni ulitenga mji wa Wazungu na cité ya Waafrika, na aliyefagia veranda mchana hakuwa na ruhusa ya kutembea huko usiku. Starehe ya mmoja ilikuwa kazi ya mwingine. Tukisimulia villa bila boyi, tunasimulia nusu.

Kasoro ya pili: tunaita "kupumzika" yale ya wageni tu. Na wavuvi je? Usiku wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zinawaka, wanaimba ili makasia yaende pamoja. Kazi na burudani ziko pale katika mtumbwi mmoja. Tena tuseme ukweli: sambaza, tunayoila na kusema ni chakula cha mababu, ilitolewa Tanganyika na kutiwa Kivu karibu na mwaka 1959. Hilo halipunguzi kitu. Linatuonyesha kwamba desturi inaweza kuzaliwa mbele ya macho ya wazee ambao bado wako hai.

Uhuru ulikuja, lakini veranda haikufunguliwa kwa wote. Mobutu alikuwa na jumba lake pembeni ya ziwa. Mwaka 1996 waasi wa AFDL walipoteka mji, Laurent-Désiré Kabila aliwapokea waandishi wa habari humo humo. Wakubwa walibadilishana, ukuta ukabaki.

Na maji yenyewe yameshuhudia mengine. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi toka Rwanda waliingia kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipasua mji mpaka ukaingia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi, iliyotoka upande wa Minova, ilizama karibu na Kituku mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingojea ndugu zao. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake, ndiyo maana wengi walipita majini. Januari 2025 M23 ikateka mji. Ni karatasi gani ya utalii inayataja hayo? Inaogopa kufukuza mgeni. Lakini mgeni asiyeambiwa habari ya mazuku, ile hewa nzito inayokaa katika mabonde upande wa Himbi na Bulengo, haheshimiwi, anahatarishwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni la leo. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali na hauwezi kuuzwa. Hata hivyo parseli na hoteli zimefunika sehemu kubwa ya pwani. Mtoto wa Majengo ao wa Birere anashuka kwa njia nyembamba na bidoni yake ya manjano, anachota, anaoga haraka, anapanda. Kwake ziwa ni kazi. Ukuta huo unamnyima hata haki ya kukaa juu ya jiwe na kutazama maji bila kununua chupa.

Sisemi hoteli zibomolewe. Zinalisha familia nyingi. Nasema vitu viwili. Viongozi wahifadhi vipande vya pwani viwe vya wote, bila tiketi. Nasi walimu na washirika wa chama tuandike majina ya zamani ya ghuba, nyimbo za wapiga kasia, na habari za waliotumikia zile villa, kabla hawajaondoka. Mwacha mila ni mtumwa, na anayeachia mwingine kusimulia ziwa lake ataishia kuingia humo kwa kulipa.