Ramani ya mishale haikuambii ujenge wapi

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani Kibosho kama kawaida, maana si unajua, Mchaga asipoonekana Moshi mwezi huo ndugu wanaanza kuulizana kulikoni. Tukiwa tumekaa mgombani, baba mdogo akatutangazia kwamba kiinua mgongo chake anataka kununua kiwanja Kigamboni, karibu kabisa na bahari. Wazo lenyewe si baya. Kihamba chetu kimegawanywa mpaka vijana wanagombania upana wa migomba miwili. Mimi nikauliza tu, "Baba, na vimbunga je?"

Akacheka. Huyu ni mtu aliyefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini. Akaokota kijiti, akachora kwenye vumbi ramani ambayo naamini hata wewe umewahi kuichora kwenye daftari: Bahari ya Hindi, Madagaska, na mishale inayotoka mashariki ikikunja kuelekea kusini. Mmoja unaipiga Madagaska, mwingine Msumbiji. Juu ya Tanzania hakuna kitu, peupe. "Sisi hatuko kwenye njia," akasema, akafuta mikono.

Leo naomba tuikosoe ramani hiyo. Siyo kwamba ni ya uongo. Shida ni kwamba watu wanaitumia kujibu swali ambalo haikuchorwa kulijibu.

Kwanza, tuipe haki yake

Kimbunga cha bahari ya joto kinahitaji maji yenye joto la nyuzi 26 na nusu hivi au zaidi, hewa yenye unyevu mwingi, na kitu cha kuifanya hewa hiyo izunguke. Hicho cha mwisho kinatokana na mzunguko wa dunia, na ndicho wanafizikia wanachokiita kani ya Koriolisi. Kwenye ikweta kani hiyo ni sifuri, na inaongezeka kadiri unavyokwenda kusini au kaskazini. Ndiyo maana ni nadra sana kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta. Hapo mwalimu yuko sahihi.

Sasa chukua atlasi uangalie pwani yetu. Inaanza karibu na nyuzi 5 kusini, kule Tanga, na kuishia zaidi kidogo ya nyuzi 10, Mtoni Ruvuma. Yaani karibu pwani yote iko *nje* ya ule mstari tunaoutegemea. Halafu kuzaliwa ni jambo moja na kusafiri ni jambo lingine. Kimbunga kinaweza kuzaliwa mbali kabisa baharini, kikaja kubisha hodi kwako.

Kosa la kwanza: peupe si salama

Mishale ya ramani ile inaonyesha njia zinazopitwa mara nyingi. Mahali peupe panamaanisha "mara chache". Sisi tumepasoma kama "kamwe".

Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha meli za sultani na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuja kuwa kisiwa cha karafuu. Kutoka Mji wa Unguja mpaka Dar es Salaam ni kilomita 70 na ushee tu. Baba mdogo anaponiambia Kigamboni haiko kwenye njia, mimi nawaza hizo kilomita 70.

Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, kilomita zisizofika 200 kusini mwa Mto Ruvuma, baada ya watu wa Mtwara kushinda roho mkononi. Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kikafika Mafia.

Ukihesabu miaka, kutoka 1872 hadi 1952 ni 80, na kutoka 1952 hadi 2024 ni 72. Ni muda wa kutosha kabisa kwa babu kufa bila kumsimulia mjukuu. Kwa hiyo mtu anaposema "tangu nizaliwe sijaona", hadanganyi. Ila maisha ya mtu mmoja ni kipimo kifupi mno kwa jambo hili.

Kosa la pili: mshale ni mwembamba, kimbunga ni kipana

Mshale kwenye daftari una upana wa ncha ya penseli. Kimbunga chenyewe kinaweza kutandaa mamia ya kilomita, kwa hiyo si lazima kitovu chake kipite juu ya paa lako ndipo uumie.

Na hapa nina ugomvi pia na sisi wenyewe, watu wa mitandaoni. Hidaya kilipoishiwa nguvu Mafia, utani ulianza palepale: Mamlaka ya Hali ya Hewa wametutisha bure, feri zimesimamishwa bure. Bure? Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, madaraja na makalavati yakachukuliwa na maji, na mikoa ya kusini ikakwama. Hicho ni kimbunga *kilichoishiwa* nguvu. Upepo ndio unaotajwa kwenye habari, lakini mara nyingi maji ndiyo yanayoua na kubomoa: mvua, mito, na bahari inayosukumwa kuja nchi kavu.

Lakini upepo nao usiudharau. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye ukuta na bati unaongezeka mara nne. Kenchi iliyopigwa misumari kwa kubania matumizi itavumilia upepo wa kawaida miaka yote, mpaka siku moja isivumilie.

Kosa la tatu: ramani haioni ardhi

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mishale inakuambia habari za anga. Kiwanja chako kiko ardhini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono, ila mita 60 ni *umbali*. Bahari ikijaa haipimi umbali kwa futikamba, inatafuta kimo. Mita 60 juu ya mwamba si sawa na mita 60 kwenye tambarare iliyokuwa ya mikoko. Kwenye pwani yetu, maji ya bamvua yanaweza kupishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Dhoruba ileile ikija maji yamekupwa, unapata usiku mbaya. Ikija maji ya bamvua yamejaa, inaweza kukukuta sebuleni.

Na mikoko ikishakatwa ili nyumba ione bahari vizuri, bahari nayo inaiona nyumba vizuri.

Huku mlimani jambo hili tunalijua. Marehemu bibi hakuruhusu mtu ajenge hata banda la mbuzi kwenye mkondo wa korongo, hata likiwa kavu miaka kumi. Hakuhitaji takwimu. Alitazama mawe yaliyomo kwenye korongo, makubwa kama ng'ombe, akajiuliza nani aliyeyaleta. Ajabu ni kwamba mjukuu huyohuyo wa mlimani akishuka pwani anauliza hati, anauliza umeme, anauliza lami iko wapi, basi. Kimo hakiulizi.

Hesabu ndogo ya kuondoka nayo

Tuseme, kwa mfano tu, kiwanja fulani kina uwezekano wa asilimia 1 kwa mwaka wa kupigwa na dhoruba kubwa. Inaonekana ndogo, eti? Sasa nyumba unajenga ikae miaka 50. Uwezekano wa kukwepa mwaka mmoja ni 0.99. Kukwepa miaka yote 50 ni 0.99 ikijizidisha yenyewe mara 50, ambayo ni kama 0.6. Maana yake nyumba ina uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kukutana na dhoruba hiyo kabla haijazeeka. Hakuna mtu angepanda basi lenye bahati ya namna hiyo, lakini kiinua mgongo tunakipandisha.

Sisemi watu wahame pwani. Waswahili wameishi hapo karne nyingi, na kimbunga hakikuwafukuza. Ninachosema ni kwamba "hatuko kwenye njia" si jibu la mtu anayenunua kiwanja. Maswali yake ni haya: kiko juu ya bamvua kwa mita ngapi? Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? Wazee wa hapo wanakumbuka yalifika wapi? Mikoko iliyokuwepo imeenda wapi? Paa limefungwaje kwenye lenta?

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimesoma sana. Lakini kesho yake asubuhi nilimsikia uani akiongea na dalali kwa simu. "Hebu niambie, maji ya bamvua yanafika wapi hapo?" Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo jibu tulilisikia wote.

"Mzee wangu, hapo usijali. Upepo mzuri sana."

Hajanunua bado.